Kosa la jina la mdaiwa laweza kuua dhamana ya mkopo

KAMPALA: Mfanyabiashara anayekopesha mali, au benki inayokopesha fedha kwa rehani ya lori, huwa na hofu moja kubwa, nayo ni kutolipwa. Lakini nchini Uganda ipo hatari nyingine inayokaa kimya mpaka siku ya ugomvi. Dhamana iliyosainiwa na pande zote mbili, yenye mihuri na mashahidi, inaweza kushindwa na dhamana ya mtu aliyekuja nyuma, kwa sababu tu jina au namba ya mdaiwa iliandikwa vibaya katika daftari la serikali, au iliandikwa kwa kuchelewa.

Suala hilo limekuwa zito zaidi tangu Uganda ilipopitisha Sheria ya Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 2014 kuhusu dhamana za aina hiyo. Sheria ya 2019 iliweka daftari la kielektroniki chini ya Ofisi ya Usajili ya Uganda, maarufu kama URSB. Katika daftari hilo mkopeshaji huandika taarifa fupi kwamba mali fulani ya mtu fulani imewekwa rehani kwake. Baada ya hapo, kinachoamua nani alipwe kwanza si tarehe ya kusaini mkataba bali ni tarehe na saa ya kuingia daftarini.

Kwa wafanyabiashara na wasafirishaji wa mipakani, habari hii ina pande tatu. Wao ni wakopaji wa benki, ni wakopeshaji wanapowapa wateja mali kauli, na pia ni wanunuzi wa malori na mashine zilizotumika. Katika kila upande, herufi moja au siku moja inaweza kugharimu mtaji.

Kabalagala na mali isiyo ardhi

Eneo la Kabalagala, katika Barabara ya Ggaba chini ya kilima cha Muyenga, ni mfano mzuri wa mahali ambapo sheria hii inagusa watu moja kwa moja. Hapo kuna baa, mikahawa, nyumba za wageni, saluni, maduka ya simu, vijiwe vya bodaboda na ofisi za wakopeshaji wadogo. Jirani zake, Kansanga na Nsambya, wanaishi Waganda, Wakongo, Waethiopia, Waeritrea na Wasomali, na Kiswahili husikika kila siku katika biashara.

Wengi wa wenye biashara hizo ni wapangaji. Hawana hati ya ardhi ya kupeleka benki. Walicho nacho ni majokofu, jenereta, spika, mashine za saluni, akiba ya vinywaji, pikipiki, na wakati mwingine lori au gari dogo la mizigo. Kwa mtu wa namna hiyo, mali inayohamishika ndiyo mlango pekee wa kupata mkopo wenye riba ya kuvumilika. Mlango huo ukiharibika, hubaki na mkopeshaji wa haraka, anayetoza riba ya kila mwezi.

Hata wakopeshaji hao wadogo wana sheria yao, ya mwaka 2016, inayosimamiwa na mamlaka iitwayo UMRA, na kanuni zake zinawakataza kushika kitambulisho cha taifa, pasi ya kusafiria au kadi ya benki ya mteja kama dhamana. Kwa hiyo mkopeshaji anayefuata sheria anahitaji dhamana ya mali halisi iliyoandikwa daftarini. Kukaa na karatasi za mteja kwenye kabati hakumsaidii.

Jambo hilo linahusu pia logibuku ya gari. Wapo wanaoamini kwamba ukishaichukua logibuku ya mtu umeishika mali yake. Ukweli ni kwamba kushika logibuku si kushika lori. Mkopeshaji analindwa akiwa ameisajili dhamana yake daftarini, au akiwa anaishikilia mali yenyewe, kama mzigo uliofungiwa katika ghala lake. Logibuku peke yake haimwambii mkopeshaji wa pili kwamba kuna mwenzake aliyetangulia, kwani mwenye gari anaweza kudai imepotea na kuomba nyingine.

Jinsi dhamana inavyopotea

Chukulia mfano wa mfanyabiashara wa jumla anayempa mwenye baa wa Kabalagala majokofu, jenereta na vyombo vya muziki vyenye thamani ya shilingi milioni 40 za Uganda, kwa makubaliano ya kulipa kidogo kidogo kwa mwaka mmoja. Wanaandikiana mkataba wa dhamana. Katika mkataba na katika daftari, muuzaji anamwandika mteja kwa jina linalojulikana mtaani, lile lililo pia kwenye kibao cha baa. Namba ya kitambulisho anaipokea kwa simu, na tarakimu mbili zinabadilishana nafasi.

Miezi mitano baadaye mwenye baa anahitaji fedha na kwenda kwa mkopeshaji wa pili. Huyu anatafuta daftarini kwa namba sahihi iliyo kwenye kitambulisho. Hapati kitu. Anatoa mkopo wa shilingi milioni 25, anaandika dhamana yake kwa usahihi siku hiyohiyo, na mali iliyowekwa rehani ni ileile.

Biashara inapoyumba na mali kupigwa mnada, tuseme zinapatikana shilingi milioni 22. Mkopeshaji wa pili anazichukua zote. Yule wa kwanza, ambaye mali ilitoka dukani kwake na mkataba wake ni wa zamani zaidi, anabaki kama mdai wa kawaida asiye na dhamana, sawa na mwenye nyumba anayedai kodi.

Msingi wa matokeo hayo ni rahisi. Daftari la namna hii lipo ili mtu wa tatu aweze kujua. Taarifa ambayo mtu wa tatu hawezi kuiona anapotafuta kwa utambulisho sahihi wa mdaiwa haijamtaarifu mtu yeyote. Ndiyo maana mfano wa sheria uliotolewa mwaka 2016 na UNCITRAL, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia sheria za biashara, unatofautisha makosa ya aina mbili. Kosa dogo katika maelezo mengine si lazima liue usajili. Kosa katika utambulisho wa mdaiwa linaloifanya taarifa isionekane huua.

Tatizo lina upande mwingine pia, ambao hautajwi sana. Namba iliyokosewa inaweza kuwa ya mtu halisi. Mtu asiye na habari anaweza kwenda kuomba mkopo na kukuta jina lake limefungwa na deni la majokofu ambayo hajawahi kuyaona. Kulisafisha jina kunachukua muda, na wakati huo nafasi ya biashara imeshapita.

Kwa nini majina hukosewa

Afrika Mashariki ina sababu zake za kukosea majina, na si uzembe peke yake. Katika Buganda, watoto wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa, kwa kuwa kila mmoja hupewa jina la ukoo. Hivyo hakuna jina la familia la kumtambulisha mtu kama ilivyo Ulaya. Tahajia nayo hubadilika: mtu mmoja ni Ssemakula kwenye kitambulisho na Semakula kwenye risiti. Mwingine ni Nnakato hapa na Nakato pale. Kwa Waislamu kuna Muhammad, Mohamed na Muhamadi, Khadija na Hadija.

Kisha zipo heshima zinazogeuzwa majina. Baba wa mapacha huitwa Ssalongo na mama yao Nnalongo, na aliyehiji huitwa Hajji. Mtaani mtu anaweza kuishi miaka 20 kwa heshima hiyo tu, mpaka hata wateja wake hawalijui jina lililo kwenye kitambulisho. Akiandikwa daftarini kama Hajji fulani au Ssalongo fulani, ni kama hakuandikwa.

Wageni wana utaratibu wao. Mkongo hutanguliza jina la kwanza la kifamilia, likafuatiwa na jina la pili la asili, na mwishoni jina la ubatizo. Mwethiopia hufuatisha jina lake kwa jina la baba, ambalo karani huliandika kama jina la ukoo. Msomali ana mlolongo wa majina matatu: lake, la baba na la babu. Karani wa mikopo asiyezoea mpangilio huo hupindua majina bila kujua.

Kwa raia wa Uganda, dawa kubwa ni namba ya utambulisho wa taifa, NIN, yenye herufi na tarakimu 14. Mtu akiolewa au akibadilisha jina, namba hubaki ileile. Hata hivyo namba ndefu nayo ina mtego wake. Sifuri hufanana na herufi O, na namba moja hufanana na herufi I. Ikinakiliwa kwa mkono kutoka picha ya simu isiyoonekana vizuri, kosa ni jambo la dakika moja.

Kwa anayetambulishwa kwa pasi ya kusafiria, hatari ni tofauti. Pasi mpya huja na namba mpya. Waganda wengi walibadilisha pasi zao baada ya pasi ya kielektroniki ya Afrika Mashariki kuanza kutolewa nchini humo mwezi Desemba 2018. Dhamana iliyosajiliwa kwa namba ya pasi ya zamani inaweza isionekane kwa anayetafuta kwa namba mpya. Anayemkopesha mgeni kwa miaka mitatu hana budi kujua pasi hiyo inaisha lini.

Makampuni na vibao vya dukani

Kwa upande wa biashara, kosa la kawaida ni kuchanganya jina la biashara na kampuni. Jina lililo kwenye kibao, hata kama limesajiliwa kama jina la biashara, si mtu mbele ya sheria. Mdaiwa ni mwenye biashara hiyo, na yeye ndiye wa kuandikwa, kwa jina na namba yake. Kampuni kwa upande wake ni mtu anayejitegemea, na lazima iandikwe kwa jina na namba vilivyo kwenye cheti cha usajili.

Uganda ina makampuni ya mtu mmoja, ambayo majina yake hubeba herufi SMC kabla ya neno Limited. Kuziacha herufi hizo, au kuandika kifupi mahali palipo na neno kamili, kunaweza kuonekana jambo dogo. Mahakama za Marekani zimeonyesha kwamba si dogo hata kidogo.

Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya juu ya jimbo la Florida iliulizwa kuhusu kampuni iitwayo 1944 Beach Boulevard, LLC. Benki yake ilikuwa imeisajili dhamana kwa jina la 1944 Beach Blvd., LLC. Mtu yeyote mtaani angejua kwamba Blvd. ni kifupi cha Boulevard. Lakini kwa jinsi daftari la Florida linavyotafuta majina, mahakama iliona kwamba usajili usiofuata jina kamili ni wa kupotosha na haufai kisheria.

Kabla ya hapo, mwaka 2004, kesi ya mkulima wa Kansas ilifika kwenye jopo la rufaa za ufilisi la mzunguko wa 10. Mkulima huyo alikopeshwa zana za kilimo na kampuni ya Deere. Kisheria aliitwa Terrance Joseph Kinderknecht, lakini dhamana iliandikwa Terry J. Kinderknecht, jina alilozoea kuitwa. Alipofilisika, jopo liliamua kwamba jina la mazoea halikutosha, na Deere ikapoteza kipaumbele chake. Migogoro ya aina hiyo ndiyo iliyochangia marekebisho ya mwaka 2010 ya kanuni za biashara za Marekani, ambayo yalifanya jina la leseni ya udereva kuwa kipimo katika majimbo mengi.

Somo kwa Kampala halihitaji wakili kulifafanua. Jina analoitwa mtu na jina lililo kwenye hati ni vitu viwili, na daftari linajua kimoja tu.

Saa ya kusajili

Baada ya jina, jambo la pili ni wakati. Katika biashara ya mikopo, utaratibu uliozoeleka ni huu: mteja anasaini Jumatatu, fedha zinatoka Jumanne, na faili linasafiri kutoka tawini hadi makao makuu, likapita kwa mwanasheria, kisha likasubiri zamu ya kusajiliwa. Wiki moja inapita bila mtu kuona hatari.

Lakini kipindi kati ya kutoka kwa fedha na kuingia daftarini ni kipindi ambacho mkopeshaji yuko wazi. Mdai mwingine akisajili Jumatano, naye wa kwanza akasajili Ijumaa, yule wa Jumatano ndiye aliyetangulia. Mdaiwa akifilisika katika siku hizo, mfilisi naye atauliza usajili uko wapi.

Kwa makampuni kuna saa nyingine inayokwenda sambamba. Sheria ya Makampuni ya Uganda imeweka siku 42 za kusajili rehani za kampuni baada ya kuundwa. Rehani isiyosajiliwa ndani ya muda huo haina nguvu dhidi ya mfilisi na wadai wengine. Baadhi ya maofisa wa mikopo huzichukulia siku hizo 42 kama ruhusa ya kusubiri. Hilo ni kosa, kwa sababu kuwahi mwisho wa muda wa kampuni hakukurudishii nafasi uliyopoteza katika daftari la mali inayohamishika.

Dawa ipo na haina gharama kubwa. Daftari la kielektroniki halihitaji mkataba mzima upelekwe, linahitaji taarifa. Mfano wa sheria wa UNCITRAL unaruhusu taarifa iandikwe hata kabla mkataba haujakamilika, mradi mwenye mali ametoa kibali cha maandishi, na sheria ya Kenya ya mwaka 2017 inafuata njia hiyohiyo. Busara inayotokana na hapo ni kwamba utafutaji na usajili utangulie, na fedha zifuate. Mteja anayetaka fedha haraka anapaswa kuelewa kwamba kinachoharakisha ni kufika na hati zake zikiwa sahihi. Kumsukuma karani kunazalisha makosa.

Anayeuza kwa mkopo ana nafasi ya pekee. Sheria za kisasa za dhamana humpa kipaumbele maalumu mtu ambaye mkopo wake ndio ulioiwezesha mali yenyewe kununuliwa, hata mbele ya benki iliyokwisha kusajili dhamana juu ya mali zote za mdaiwa. Hata hivyo kipaumbele hicho huwa na masharti na muda mfupi wa kusajili. Muuzaji wa majokofu anayesubiri mpaka malipo ya kwanza yachelewe ndipo asajili, huwa amekiacha kipaumbele hicho kimpite.

Lori linavuka mpaka, daftari halivuki

Kwa wasafirishaji, ugumu huongezeka lori linapotoka Kampala. Njia ni nyingi: Malaba na Busia kuelekea Mombasa, Mutukula kuelekea Tanzania, Katuna kuelekea Rwanda, Mpondwe na Bunagana kuelekea Kongo, Elegu kuelekea Juba. Forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeunganishwa kwa kiasi fulani tangu mfumo wa himaya moja ya forodha ulipoanza mwaka 2014. Madaftari ya dhamana hayajaunganishwa. Hakuna daftari moja la kikanda ambalo mnunuzi anaweza kulitafuta na kupata jibu la nchi zote.

Kila nchi ina sheria yake. Kenya ilipitisha Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika mwaka 2017, na daftari lake liko chini ya Idara ya Usajili wa Biashara. Rwanda ina daftari chini ya Bodi ya Maendeleo, RDB. Tanzania inasajili rehani za makampuni kupitia BRELA, ambako pia siku ni 42. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ina mfumo tofauti kabisa, kwani tangu mwaka 2012 iko katika OHADA, jumuiya ya sheria za biashara inayounganisha zaidi nchi zinazotumia Kifaransa.

Maana yake ni kwamba lori lililowekwa rehani Kampala linaweza kuuzwa Goma kwa mnunuzi asiye na njia rahisi ya kujua. Vilevile lori la Kenya lenye deni Nairobi linaweza kuletwa Kampala, likapewa namba mpya za Uganda, likaonekana safi. Kwa mali inayosafiri kati ya nchi kwa kawaida, kama malori, UNCITRAL inapendekeza ifuatwe sheria ya nchi aliko mwenye mali. Lakini hayo ni mapendekezo, na hayamsaidii mnunuzi ambaye hakutafuta mahali popote.

Hapa ndipo namba ya chasisi inapokuwa na thamani kuliko namba za gari. Namba za gari hubadilika linapohama nchi. Chasisi haibadiliki, na mtu aliyeichezea ameshaingia katika jinai. Taarifa ya dhamana ya lori inapaswa kubeba namba hiyo ikiwa imesomwa kwenye chuma chenyewe na kulinganishwa na logibuku. Trela nalo liandikwe peke yake, kwa namba yake, kwani trela na kichwa hutengana na kuuzwa mbalimbali.

Mnunuzi wa lori lililotumika anatakiwa kutafuta mara mbili: kwa namba ya chasisi na kwa utambulisho wa muuzaji. Kama lori limewahi kuwa nchi jirani, atafute na huko. Muuzaji anayekataa kutoa nakala ya kitambulisho chake kwa ajili ya utafutaji huo amekwisha kujibu swali.

Deni likiisha

Makosa hayaishii mwanzoni. Mkopaji akimaliza kulipa, taarifa iliyo daftarini haijifuti papo hapo. Mkopeshaji ndiye anayepaswa kuiondoa. Akichelewa, mwenye lori ambaye hana deni anaonekana bado anadaiwa. Mnunuzi anasita, benki nyingine inakataa kumkopesha, na msimu wa mzigo unapita. Kwa msafirishaji mdogo mwenye lori moja, mwezi mmoja wa kusubiri kufutiwa usajili ni mwezi wa hasara.

Kufuta bila kuangalia nako kuna hatari yake. Mfano mkubwa kuliko yote umetokea kwa General Motors. Mwaka 2008 mawakili walikuwa wakifunga mkopo mmoja wa kampuni hiyo uliokuwa umelipwa. Katika orodha ya dhamana za kufutwa, iliingia kwa makosa namba ya usajili uliohusu mkopo mwingine kabisa, wa dola bilioni 1.5 za Marekani uliotolewa mwaka 2006. Orodha ilipita mikononi mwa watu wengi na hakuna aliyeigundua. General Motors ilipoomba ulinzi wa ufilisi mwaka 2009, kosa likaonekana. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ya mzunguko wa pili, New York, iliamua kwamba ufutaji ulikuwa halali, kwa kuwa hati yenyewe iliidhinishwa, ingawa hakuna aliyekusudia matokeo hayo.

Kama kosa la namna hiyo liliwapita mawakili wa benki kubwa za New York, karani wa Kabalagala mwenye mafaili 60 mezani anahitaji utaratibu wa kumlinda.

Mambo ya kufanya

Kutokana na hayo yote, utaratibu wa tahadhari unaweza kuwekwa kwa ufupi.

1. Jina na namba vinakiliwe kutoka hati halisi, si kutoka kadi ya biashara, kibao, risiti wala simu. Kwa raia ni kitambulisho cha taifa, kwa kampuni ni cheti cha usajili, kwa mgeni ni pasi iliyo hai.

2. Mtu wa pili asome herufi moja moja kabla ya kutuma. Anayeandika hazioni herufi alizokosea yeye mwenyewe.

3. Mara baada ya kusajili, mkopeshaji atafute daftarini kama mtu wa nje, kwa utambulisho sahihi wa mdaiwa. Taarifa isipoonekana, irekebishwe kabla fedha au mali haijatoka.

4. Mkataba umtake mdaiwa atoe habari akibadilisha jina, namba ya pasi au umbo la kampuni, na mkopeshaji arekebishe taarifa mara moja. Nchini Marekani, jina la mdaiwa likibadilika kiasi cha kupotosha, mkopeshaji ana miezi minne kabla ulinzi wake haujapungua kwa mali mpya. Hakuna sababu ya kungoja muda wa aina hiyo.

5. Mkopaji naye aombe matokeo ya utafutaji wa jina lake kabla ya kusaini na baada ya kumaliza deni. Barua ya benki inayosema deni limekwisha haitoshi. Anachohitaji ni daftari lisilo na kitu.

6. Malori na mashine ziandikwe kwa namba ya chasisi au namba ya kiwandani, na si kwa rangi, aina na namba za gari peke yake.

Kazi hizo hazizidi nusu saa kwa mkopo mmoja. Benki zina idara za kuzifanya, ingawa si kila mara zinafanywa vizuri. Walio hatarini zaidi ni wafanyabiashara wa jumla wanaotoa mali kauli kwa kuaminiana, wakiwa na daftari la kaunta na sahihi ya mteja. Sheria ya 2019 haikuwatenga. Inawaruhusu kuingia katika daftari lilelile na kusimama mbele ya benki kubwa kama waliwahi na kuandika sawasawa. Asiyesajili, au anayesajili kwa jina la mtaani, atabaki na haki ya kudai kwa mtu ambaye mali zake zimeshachukuliwa na mwingine.